Kurasa Zilizokwenda Pirna

Katika miaka ya Vita Kuu ya Pili, mwanamke mmoja aliyekuwa amepita umri wa miaka hamsini alikuwa akitoka mara kwa mara mjini Dresden kwenda Pirna, mji mdogo ulio umbali wa kilomita 20 hivi kando ya mto Elbe, akiwa amebeba karatasi zilizoandikwa kwa mkono. Kama karatasi hizo zingekamatwa njiani, mumewe angeuawa, na yeye mwenyewe hakuwa na sababu ya kutarajia huruma. Jina lake ni Eva Klemperer. Alikuwa mpiga piano na mtaalamu wa muziki, Mprotestanti kwa malezi, na kwa sheria za Wanazi alihesabiwa kuwa wa damu ya Kijerumani. Mumewe, Victor, alihesabiwa kuwa Myahudi, na karatasi zile zilikuwa shajara yake.

Nimeisoma shajara ya Victor Klemperer taratibu, kwa maana si kitabu cha kumaliza kwa pupa, na kila ninapoirudia napata hakika zaidi juu ya jambo moja: shajara ya siri katika utawala wa namna ile haikuwa kazi ya mtu mmoja aliyejifungia na kalamu yake. Ilikuwa kazi ya watu kadhaa, na hatari yake iligawanywa kwao wote, wakiwemo wengine ambao hawakuulizwa. Mwandishi mwenyewe alilijua hilo na lilimsumbua. Naona ni upungufu mkubwa kuzungumzia ushujaa wake bila kuzungumzia deni lake.

Victor Klemperer alizaliwa mwaka 1881 huko Landsberg, mji ambao leo uko Poland, akiwa mtoto wa rabi, yaani kiongozi wa dini ya Kiyahudi. Akiwa kijana aliingia katika Ukristo wa Kiprotestanti, akamwoa Eva mwaka 1906, akajitolea kupigana katika Vita Kuu ya Kwanza upande wa Ujerumani, na mwaka 1920 akawa profesa wa fasihi za lugha zilizotokana na Kilatini katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Dresden. Moyo wake wote ulikuwa katika fasihi ya Kifaransa ya karne ya 18, karne ya Voltaire na Rousseau. Alijiona Mjerumani na hakuwa na shaka juu ya hilo. Tabia ya kuandika shajara alikuwa nayo tangu ujana, kwa hiyo Hitler aliposhika madaraka mwaka 1933 hakuanza jambo jipya. Aliendelea tu na alilolizoea. Kilichobadilika ni kwamba desturi ya msomi ilikuwa imegeuka kosa la kumpeleka mtu kaburini.

Anayesoma miaka ya mwanzo anaona jinsi maisha yalivyopunguzwa kipande kwa kipande. Mwaka 1935 aliachishwa kazi chuoni. Mwaka 1936 akajifunza kuendesha gari, akanunua gari kuukuu na kulifurahia kama kijana, hadi Desemba 1938 Wayahudi waliponyang'anywa leseni za udereva. Mwezi huohuo akafungiwa maktaba kabisa, na kwa mtu wa kazi yake hiyo ilikuwa sawa na kukatwa mikono. Kuanzia Januari 1939 sheria ilimlazimisha kila mwanamume wa Kiyahudi ambaye jina lake halikutosha kumtambulisha kuongeza jina la Israel, na kila mwanamke jina la Sara. Mwaka 1940 yeye na Eva walitolewa katika nyumba ndogo waliyoijenga Dölzschen, juu kidogo ya jiji, nyumba ambayo Eva aliiota kwa miaka, wakapelekwa kuishi katika mojawapo ya majengo walimokusanywa Wayahudi. Taipureta nayo ikachukuliwa. Tangu hapo aliandika kwa mkono tu.

Tarehe 19 Septemba 1941 ikaja nyota ya manjano, yenye ukubwa wa kiganja, ambayo kila Myahudi aliyetimiza miaka sita alitakiwa kuishona kifuani upande wa kushoto. Klemperer aliihesabu siku hiyo kuwa ngumu kuliko zote alizokuwa amepitia hadi wakati ule. Profesa wa miaka karibu sitini, askari wa zamani mwenye nishani, aliona aibu kutoka nje, akawa anasubiri giza liingie. Eva ndiye aliyekwenda madukani, Eva ndiye aliyetafuta viazi kutoka duka hadi duka kwa saa nyingi, na Eva ndiye aliyebeba karatasi.

Kwa nini asiache kuandika? Jibu lake linapatikana ndani ya shajara yenyewe, na mwaka 1942, uliokuwa mbaya kupita yote kwao, alilirudia mara nyingi: alitaka kutoa ushahidi, tena ushahidi sahihi, hadi mwisho. Alifahamu kwamba mambo makubwa ya vita na ya siasa yangeandikwa na wengine wenye nyaraka na majeshi. Yeye alichagua kuandika maisha ya kila siku ya watu waliokuwa wakisakwa. Mwaka 1944 alisema kwamba kuumwa na mbu mara elfu ni kubaya kuliko pigo moja la kichwani, na kwamba kazi yake ilikuwa kuwahesabu mbu hao.

Ukitaka kuona alivyowahesabu, soma alichokiandika tarehe 2 Juni 1942. Aliketi akaorodhesha marufuku zilizokuwa zimetungwa dhidi ya Wayahudi hadi siku hiyo, moja baada ya nyingine, kwa namba, zikapita 30. Kutotoka nyumbani baada ya saa fulani za jioni. Kutomiliki redio. Kutotumia simu. Kutokwenda tamthiliya wala sinema wala makumbusho. Kutonunua wala kupelekewa magazeti. Kutopanda usafiri wa umma. Kutonunua maua. Kutokwenda kwa kinyozi. Kutofuga mbwa, paka wala ndege. Kutotoka nje ya jiji, kutoingia stesheni, kutopita kandokando ya bustani kubwa. Kusalimisha baiskeli, blanketi za sufu, hata viti vya kukunja vya kupumzikia nje. Mwishoni akaongeza kwamba yote hayo kwa pamoja si kitu yakilinganishwa na hofu isiyokoma ya msako, ya kupigwa, ya jela na ya kifo. Hakuna mwanahistoria aliyekuja baadaye ambaye angeweza kuiandika orodha ile kwa namna hiyo, kwa sababu mwanahistoria angepata sheria kutoka kwenye mafaili, ilhali huyu alizipata mwilini mwake, akijua ni lini kila moja ilimgusa na ilimnyima nini.

Marufuku ile ya wanyama, mtu anaweza kuisoma haraka na kuipita. Akina Klemperer walikuwa na paka dume aitwaye Muschel, waliyekaa naye kwa miaka mingi. Amri ilipotoka Mei 1942 hawakuruhusiwa kumpa jirani. Mnyama alipaswa kusalimishwa, nao walijua kwamba wanyama waliosalimishwa walikuwa wakiuawa kwa pamoja. Victor anaandika kwamba kwa Eva paka yule alikuwa tegemeo, na kwamba mkia wake uliosimama wima walikuwa wakiuita bendera yao isiyoshushwa. Mwishowe Eva akamtia katika boksi lake, akampeleka kwa daktari wa mifugo kabla siku ya mwisho haijafika, akakaa pale hadi dawa ilipofanya kazi. Katika mwezi ambao watu walikuwa wakichukuliwa kutoka vyumba vya jirani na wengine wakijiua kabla ya kuchukuliwa, profesa huyu alitumia karatasi adimu na muda wa hatari kuandika kifo cha paka. Nakubaliana naye kabisa. Serikali inayotunga sheria dhidi ya paka wa mtu imekwisha kuamua mengi juu ya mtu mwenyewe.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, kati ya mwisho wa Juni na mwanzo wa Julai 1941, alifungwa siku nane kwa kosa la kusahau kuziba dirisha usiku wakati wa tahadhari ya mashambulizi ya ndege. Chumba chake kilikuwa namba 89. Walimnyang'anya miwani na kitabu alichokuja nacho, akabaki na kuta na saa zisizokwisha. Kisha siku moja, kwa huruma ya askari mmoja, akapata kipande cha penseli na karatasi, na anaeleza kwamba kila kitu kilibadilika papo hapo, kana kwamba mtu amemtoa shimoni. Nimekaa sana na ukurasa huo. Unanieleza kwamba kwa Klemperer kuandika kulikuwa njia ya kubaki na akili timamu kabla hakujawa ushahidi kwa ajili yetu, na kwamba hata kama vizazi vijavyo visingekuwepo vya kumsoma, bado angeomba penseli.

Lakini penseli jela ilimhusu yeye peke yake. Shajara nyumbani haikuwa hivyo.

Misako ya Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, katika zile nyumba za Wayahudi ilikuwa na desturi yake. Walikuja bila taarifa, wakamwaga vitu vya kabatini sakafuni, wakachukua chakula na sabuni, wakapiga na kutema mate. Eva alitemewa mate na kupigwa makofi, hasa kwa sababu alikuwa mke wa Kijerumani aliyekataa kumwacha mume wa Kiyahudi. Katika msako mmoja wa mwaka 1942 walikuta kitabu cha Rosenberg, mwananadharia wa chama cha Nazi, ambacho kilikuwa kimeazimwa maktaba kwa kadi ya Eva ili Victor akisome kwa uchunguzi wake. Wakampiga nacho kichwani kwa kosa la Myahudi kuthubutu kukisoma. Nyakati hizo zote palikuwa na karatasi ndani ya nyumba, zile ambazo Eva alikuwa hajapata nafasi ya kuzipeleka, zimechomekwa katikati ya vitabu. Ingetosha mtu mmoja kukitikisa kitabu kinachohusika.

Ndiyo maana safari za Pirna zilikuwa na maana kubwa. Kule alikaa Annemarie Köhler, daktari, rafiki yao wa miaka mingi, Mjerumani asiye Myahudi, aliyezificha karatasi katika kliniki yake. Yeye hakutishwa na nyota wala na orodha ya Wayahudi wa kupelekwa kufungiwa mbali, Riga au Theresienstadt. Hakuna aliyemlazimisha. Angeweza kusema kwa upole kwamba mambo yamekuwa magumu na kwamba asiletewe tena kitu, kama walivyosema marafiki wengi wa zamani wa Klemperer, wengine wakiwa hata hawajaombwa lolote. Aliendelea kupokea, mwaka baada ya mwaka.

Hapa ndipo shajara inaponiuma zaidi. Klemperer aliandika majina. Alitaja nani alisema nini dhidi ya Hitler, nani alimnong'oneza neno la kumtia moyo mtaani, nani alimpa mkate, nani alileta habari za redio ya kigeni. Kwa usahihi uleule anaousifia msomaji wa leo, alikuwa akitengeneza orodha ambayo Gestapo wangeipata tayari. Alijiuliza waziwazi, zaidi ya mara moja, kama alikuwa na haki ya kumhatarisha Eva, na Annemarie, na watu wote waliotajwa humo, kwa ajili ya karatasi ambazo huenda zisingesomwa na yeyote. Hakupata jibu lililomtuliza. Aliendelea kuandika, na Eva akaendelea kubeba.

Woga huo wa majina haukuwa wa Dresden tu. Kule Amsterdam, Miep Gies, mmoja wa waliomsaidia Anne Frank, msichana wa Kiyahudi aliyeandika shajara mafichoni, na familia yake kujificha, aliokota madaftari na karatasi za binti huyo siku waliyokamatwa, tarehe 4 Agosti 1944, akazifungia katika saraka ya meza yake bila kuzisoma. Baada ya vita, ilipothibitika kwamba Anne amekufa, alimkabidhi baba yake. Baadaye Miep alisema kwamba kama angezisoma wakati ule angelazimika kuzichoma, kwa sababu zilikuwa na majina ya waliowasaidia. Mswada unaojulikana zaidi duniani kati ya yote ya aina hii ulinusurika kwa kuwa mwanamke mmoja aliheshimu siri ya msichana.

Katika geto la Warsaw, mtaa walimofungiwa Wayahudi wa jiji hilo la Poland, waliliona jambo hili tangu mwanzo, na wakalipanga. Mwanahistoria Emanuel Ringelblum aliwakusanya walimu, waandishi, marabi na wachumi katika kikundi cha siri kilichoitwa Oyneg Shabes, kwa sababu walikutana siku ya Sabato, wakakusanya shajara, insha za watoto wa shule, matangazo ya ukutani, hata karatasi za peremende, ili maisha ya geto yasije yakasimuliwa na wauaji peke yao. Agosti 1942, watu walipokuwa wakipakiwa kwenye treni za kwenda kambi ya mauaji ya Treblinka, sehemu ya kwanza ilizikwa katika masanduku kumi ya bati chini ya shule moja. Sehemu ya pili ilizikwa baadaye katika makopo mawili makubwa ya maziwa. Kijana mmoja aliyeshiriki kuzika, Dawid Graber, aliacha maandishi akisema kwamba yale waliyoshindwa kuyapigia kelele duniani waliyafukia ardhini. Masanduku yalifukuliwa Septemba 1946, makopo Desemba 1950. Ringelblum aliuawa Machi 1944, na katika watu kama 60 wa kikundi chake walionusurika ni wachache sana. Tofauti na Klemperer, kila aliyeingia humo alijua anaingia katika nini. Katika chumba cha Dresden hapakuwa na kikundi wala makubaliano ya namna hiyo. Palikuwa na ndoa na urafiki, na vyote viwili vilitakiwa kubeba uzito uleule.

Faida ya kuandika siku kwa siku, badala ya kungoja amani na kukumbuka, ni kwamba shajara haijui mwisho wa hadithi. Machi 1942 Klemperer aliandika kwamba amesikia ikitajwa Auschwitz, au jina linalofanana na hilo, kuwa kambi ya mateso ya kutisha kupita zote. Mstari huo una thamani kubwa kwangu. Baada ya vita Wajerumani wengi walidai hawakujua lolote, na hapa yupo mtu asiye na redio, asiye na simu, asiyeruhusiwa kununua gazeti, anayeishi chini ya ulinzi, ambaye jina lile lilimfikia na akaliwekea tarehe. Vivyo hivyo kwa watu wema: kibarua aliyemsalimia kwa sauti, mwenye duka aliyemtilia kitu cha ziada mfukoni. Hakuwafuta ili kurahisisha hukumu yake juu ya taifa, wala hakuwatumia kulisafisha taifa. Humohumo aliandika pia jinsi watawala walivyoiharibu lugha, hadi neno la ushupavu wa kipofu likawa sifa nzuri magazetini. Maelezo hayo ndiyo yaliyozaa kitabu chake cha mwaka 1947 juu ya lugha ya Wanazi.

Asubuhi ya tarehe 13 Februari 1945 alitumwa kusambaza barua kwa baadhi ya Wayahudi wa mwisho waliobaki Dresden, wengi wao wakiwa hai kwa sababu tu ya ndoa zao na Wajerumani wasio Wayahudi. Barua ziliwaagiza kujitokeza siku ya tarehe 16 kwa ajili ya kile kilichoitwa kazi nje ya jiji, na miongoni mwa walioandikiwa walikuwemo mama na watoto wadogo. Aliyezibeba hakudanganyika, na waliozipokea hawakudanganyika pia. Usiku huohuo ndege za Uingereza zikaiteketeza Dresden. Maelfu ya watu walikufa, na katika moto huo wachache waliokuwa wamekwisha kuhukumiwa wakapata mwanya. Victor na Eva walipotezana gizani. Yeye alijeruhiwa karibu na jicho, akakimbia na begi lililokuwa na miswada yake na vito vya Eva. Walikutana asubuhi kwenye kingo za Elbe. Eva akatoa kisu kidogo na kuikata nyota kwenye koti la mumewe. Kosa hilo lilitosha kumnyonga mtu. Kisha wakaondoka kama wakimbizi wengine waliounguliwa na nyumba, wakaishi kwa jina lililorekebishwa kwa kalamu likawa Kleinpeter, hadi kijiji cha Unterbernbach huko Bavaria, ambako Wamarekani waliwakuta.

Juni 1945 walirudi Dölzschen, wakaipata tena nyumba yao. Dresden yenyewe ilikuwa majivu; laiti shajara ingekaa kwenye vyumba vyao vya jijini, leo tusingekuwa na chochote cha kusoma. Ilikuwa salama Pirna, kwa Annemarie Köhler. Klemperer alibaki upande wa Mashariki, akajiunga na chama cha Kikomunisti, akawa profesa tena na mbunge, na hakuacha kuandika shajara, ambamo aliukosoa pia utawala mpya aliouchagua. Alifariki mwaka 1960. Shajara ya miaka ya Wanazi ilichapishwa mwaka 1995, na Wajerumani wakaisoma kwa wingi ambao pengine yeye mwenyewe asingeutarajia.

Eva hakuishi kuyaona hayo; alifariki mwaka 1951. Sauti yake tunaisikia kupitia mumewe tu: alichosema akirudi na viazi, alivyokaa kimya baada ya msako. Tunajua kwamba alibeba, lakini hatuna ukurasa wake unaosema alijisikiaje akiwa safarini na karatasi zile. Kitabu cha mwaka 1947 Victor alikitabaruku kwake, na katika maneno ya mwanzo alimwambia kwamba bila yeye kitabu kile kisingekuwepo, na mwandishi wake naye asingekuwepo tangu zamani. Wapo wanaoisoma sentensi hiyo kama adabu ya mume kwa mke. Mimi naisoma kama taarifa iliyoandikwa na mtu aliyezoea usahihi, aliyejua barabara ni nani aliyekwenda Pirna, na kwamba angeuawa mapema kama mkewe angekubali kutia saini karatasi moja tu ya talaka.